Tunapeleka kambi ya matibabu bure Rufiji, tubebe nini?

Mpiga_Picha_Mbagala (Aprili 2024)

Habari za saa hizi wakuu. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti mmeyaona. Tuko watu kumi na moja: matabibu wawili, wauguzi watatu, mfamasia mmoja, waliobaki ni wabeba mizigo na mpiga picha, yaani mimi. Tumechanga, tumepata Hiace na dawa za kama milioni mbili. Tunatoka Dar Ijumaa usiku, tunatibu Jumamosi na Jumapili, Jumatatu kila mtu kazini kwake. Mwenye uzoefu wa kambi za namna hii atuambie tuongeze nini.

Kasheshe77

Bebeni hela mkawagawie. Mabango na picha na watoto wa watu vimezidi.

Sista_wa_Babati

Huyo hapo juu ana hoja, basi tu mdomo wake mchungu.

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi. Mlima Hanang ulipomeguka, Desemba 3, 2023, ilikuwa Jumapili. Jumanne nilikuwa Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, na wenzangu wanane, kila mtu kaomba ruhusa kazini kwa uongo wake. Waliokufa walipita 80. Majeruhi wazito walishapelekwa hospitali, kwa hiyo sisi tuliojitolea tulibaki na wale wanaotembea. Tukapewa darasa la shule, tukaunganisha madawati mawili yakawa kitanda, ubaoni bado kuna hesabu za sehemu.

Umeuliza mbebe nini. Mimi nakuuliza mnaondoka lini na mnamwachia nani, maana sisi tuliharibu hapo hapo.

Siku ya kwanza alikuja kijana amechanwa na bati kwenye kigimbi. Mwenzetu mmoja, mikono inamwasha kufanya kazi, akamsafisha haraka haraka akamshona nyuzi sita, safi kabisa, hata picha tukapiga. Siku ya tatu mguu umevimba, unang'aa. Tukafungua nyuzi, ndani kuna usaha na kijiti cha nyasi. Kidonda cha tope hakishonwi siku ile ile. Kioshe kwa maji mengi mpaka uchoke wewe, kiache wazi na shashi, mchome ya pepopunda, umwone tena baada ya siku tatu nne ndipo uamue kushona. Sasa mtu wa Jumamosi, wewe Jumatatu uko Mbagala, nani atamfungua?

La pili: mtajiandaa kwa majeraha, watakuja wagonjwa wa presha, sukari, kifafa, na wa dawa za CTC (kliniki ya VVU) ambao kadi imeondoka na maji. Wengi hawajui jina la dawa. "Kidonge cheupe." Vyeupe viko mia! Nilichofanya, nilichukua sahani ya bati nikapanga kimoja kimoja cha kila dawa tuliyokuwa nayo. Mama mmoja wa Kibarabaig, anatafsiriwa na mjukuu wake wa darasa la tano, akavipita vyote kwa kidole, akasimama kwenye metformin, dawa ya sukari. Akashika koo. Mjukuu akasema, "Bibi anasema hiki ndicho kinamkwama." Nikampima, mashine ikasoma 19. Siku tatu hajameza, na alikuwa amekuja kwa sababu ya kikohozi. Msimpe mtu dawa kwa kuonyesha kidole tu, pimeni, ulizeni, pigeni simu zahanati aliyokuwa anachukulia.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata panado moja, mpigieni Mganga Mkuu wa Wilaya. Atawaambia wapi pana uhitaji na zahanati gani itawapokea wagonjwa wenu mkiondoka. Mtembee na leseni zenu za mabaraza. Na mtu mmoja awe wa daftari tu: jina, kijiji, umepima nini, umempa nini, arudi lini. Nakala mbili, moja ibaki zahanati. Sisi tuliandika kwenye karatasi za mazoezi, mvua ikanyesha.

Dawa zilizobaki nusu nyumbani kwa watu msizikusanye. Tuliletewa boksi zima la sharubati zenye maandishi ambayo hakuna aliyejua kuyasoma. Tulipoteza asubuhi nzima kuchambua.

Mndengereko_Halisi

Sista kanena. Mimi kwetu ni Mohoro, naongezea kidogo. Tope la Katesh lilipita likaacha mawe. Maji ya Rufiji yanakaa. Kwa hiyo mbebe vipimo vya malaria na dawa mseto za kutosha, ORS na zinki za watoto, vidonge vya kutibu maji. Vyandarua kama hela inaruhusu.

Halafu mkikaa kambini tu mtawaona wa kambini tu. Kuna wazee wamebaki kwenye madungu huko bondeni wanalinda mpunga kidogo uliosalia, hawatoki ng'o. Tafuteni mtumbwi na mwenyeji wa kuupiga kasia, siyo mjuaji wa kutoka Dar, mamba wapo. Na kliniki iendelee mpaka jioni, mchana kina mama wako kwenye foleni ya unga.

Ubishi wa bwawa la Nyerere, kama ndilo lililoleta maji au siyo, msiuanzishe mkiwa kule. Watu wana hasira, mtatibu kwa kelele.

Mpiga_Picha_Mbagala

Shikamoo Sista. Nimewasomea wenzangu, kikao kizima kikanyamaza.

Tumempigia Mganga Mkuu leo asubuhi. Kasema twende, ila siyo tulikopanga. Ametupangia kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja ambaye hajapumzika tangu maji yaingie. Wauguzi wetu wawili wameomba likizo, watabaki mpaka Ijumaa inayofuata kwa ajili ya hao wa vidonda. Hela ya mabango tumeihamishia kwenye shashi na maji ya kuoshea. Mimi nimeambiwa kamera ibaki Mbagala, nishike daftari.

Swali la mwisho. Mashine za kupima sukari mlikuwa nazo ngapi?

Sista_wa_Babati

Marahaba. Moja. Betri ilikufa Alhamisi, na duka la kuuza betri lilikuwa chini ya tope.