Mrejesho: vitamini za dada yangu

Mwezi uliopita niliuliza kama dada yangu, anayetumia ARV (dawa za VVU) zenye dolutegravir hapa Busia, aendelee na vidonge vya vitamini alivyouziwa dukani. Asanteni mliosema apeleke kopo lenyewe kliniki.

Nesi alisoma lebo: madini ya chuma, kalsiamu, zinki. Kumbe hayo hushikana na dolutegravir tumboni, dawa ikaingia kidogo kwenye damu. Na yeye alikuwa akivimeza vyote kwa mpigo asubuhi, na chai kavu! Sasa humeza ARV kwanza, vitamini baada ya muda wa saa 2. Akitanguliza vitamini, ARV husubiri muda wa saa 6. Au ameze vyote pamoja na mlo kamili, si kwa chai tupu.

Ile vitamini B6 anayopewa na isoniazid ya kukinga kifua kikuu asiiache, inalinda neva.

Kuhusu chakula, nesi alitaja vitu vya sokoni tu: mukene (dagaa), dodo (mchicha), maharage, karanga, papai. Mukene kwetu ni rahisi kuliko lile kopo, nami nilikuwa nimechangia hela yake (bado inaniuma). Kopo likiisha, hatununui jingine.