Mrejesho: gari langu Mazda MX-5 ya 1991 na supachaja, Mbeya

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini, tangu nifunge supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini, inazungushwa na mkanda), mkanda unalia na injini inagonga (petroli inajilipukia ovyo ndani) nikipanda Mlima Nyoka.

Mliosema puli (gurudumu la mkanda) haijanyooka na wenzake mlipatia. Fundi aliweka rula: puli imechomoza milimita 3, ukingo wa mkanda umelika, unga mweusi kila mahali. Vipete viwili tu vya chuma (washa), kelele kwisha. (Nilishanunua mikanda miwili bure!)

Kugonga kulikula hela zaidi: noza kubwa ili petroli iongezeke, taimingi (wakati wa cheche) ikarudishwa nyuma. Plagi zilikuwa nyeupe kama chaki (petroli haitoshi), sasa kahawia (safi).

Hewa yetu ya mita 1,700 ni nyepesi. Nikishuka Kyela, chini kwenye hewa nzito, presha ya supachaja inapanda, kwa hiyo huko naenda mdogomdogo isigonge tena.