Homa inayorudi kila baada ya wiki nne: kweli ni mafindofindo?

MamaWawili: Habari zenu ndugu. Mwanangu ana miaka 3 na nusu, na kwa mwaka mzima sasa amekuwa akipandwa ghafla na homa inayofika nyuzi 39.8, ikadumu siku 4 au 5, kisha ikakatika na kumwacha akicheza kana kwamba hakuwahi kuugua. Kila safari tumeambiwa ni mafindofindo tukapewa antibiotiki, nami niliamini ndizo zinazomponya, hadi safari iliyopita tulipochelewa kuzipata na homa ikaisha siku ileile ya tano. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo ni safi, na ute wa koo uliopelekwa maabara haukuotesha bakteria. Kwenye kalenda ya ukutani baba yake huzungushia duara jekundu siku homa inapoanza, na maduara yamepishana kwa siku 27, 29, 28 na 26. Je, kuna ugonjwa unaofuata tarehe namna hii?

Muuguzi_Watoto: Upo, mama, na kalenda hiyo ina thamani kuliko vipimo vingi. Hali inayofanana zaidi na maelezo yako huitwa PFAPA, ambayo ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1987: homa ya vipindi, vidonda vidogo mdomoni, koo jekundu na tezi za shingo zilizovimba, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 5. Haiambukizi, kwa kuwa kinachowaka ni kinga ya mwili yenyewe, na ndiyo sababu antibiotiki haziisaidii. Hata hivyo, nisingependa uipokee kama jibu la mwisho, maana homa ya vipindi huweza pia kuletwa na upungufu wa chembe nyeupe za damu unaojirudia takriban kila siku 21, nao hutambuliwa kwa kuhesabu chembe hizo mara 2 au 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 6. Je, mtoto anaongezeka uzito? Ana vipele au maumivu ya viungo?

BabaLeila: Naomba kuongeza tahadhari. Binti yetu naye alidhaniwa ana PFAPA, lakini homa yake ilidumu siku 2 tu, haikuwa na mpangilio, na tumbo lilimuuma hadi akalala amejikunja. Uchunguzi wa jeni ulionyesha homa ya kurithi ya Mediterania. Sasa anakunywa dawa ya kolkisini kila siku, kwa sababu ugonjwa huo usipotibiwa unaweza kuharibu figo.

MamaWawili: Asanteni sana. Uzito unaongezeka vizuri, hana vipele wala viungo havimuumi. Vidonda vya mdomoni ninavikumbuka, ila nilidhani anajing'ata. Tiba yake ni ipi?

Muuguzi_Watoto: Daktari akishathibitisha, anaweza kumpa dozi moja ya prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, homa inapoanza, nayo mara nyingi huishusha ndani ya saa chache, kasoro yake ni kwamba kwa baadhi ya watoto homa inayofuata huja mapema zaidi. Wengine hupona baada ya kuondolewa tonsi, na wengi huachana nayo wenyewe wakikua. Usimpe dawa hiyo kwa kukisia. Homa ijayo ikianza, mpeleke siku ya pili, damu ipimwe kiwango cha uvimbe, kisha ipimwe tena wiki mbili baadaye akiwa mzima, na hiyo kalenda uibandue ukutani uende nayo.