Naombeni ushauri: madogo wanatengeneza API vizuri ila usalama hauwaingii

Wakuu habarini, shikamooni wakubwa. Niko Mbeya, Mwanjelwa, nina madogo sita nawafundisha kutengeneza sistimu za seva nyingi, yaani simu ya karani kule Mbozi inaongea na seva ya wakulima, hiyo nayo inaongea na ya malipo, zote kwa API (njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine). Kutengeneza wanaweza, shida ni usalama.

Juzi mmoja kaleta kazi, logini ipo, tokeni (kitambulisho cha aliyeingia) ipo, HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa njiani) ipo, nikabadilisha tu namba mwishoni mwa linki kutoka 41 kwenda 42 nikaona malipo ya kahawa ya mkulima mwingine kabisa. Seva inauliza wewe ni nani, haiulizi hiki unachoomba ni chako. Na seva ya malipo inaamini kila ombi linalotoka ndani, eti si ni sisi kwa sisi.

Nimewapitisha kwenye orodha ya OWASP (jumuiya ya usalama wa programu) ya hatari kumi za API ya 2023, hilo kosa ndo namba moja, wakakariri yote kumi, wiki iliyofuata wakarudia lile lile (nahisi na slaidi zangu zinaleta usingizi, ukijumlisha na baridi hii).

Mliowahi kufundisha, mnawapa kwanza sistimu mbovu waivunje ndo wajenge, au mnakomaa na testi ya mtumiaji wa pili (anajaribu kufungua data ya wa kwanza, akatazwe) tangu siku ya kwanza? Halafu seva kwa seva, kwa wanaoanza niwabane na mTLS (seva zote mbili zinaoneshana vyeti kabla ya kuongea) au tokeni za muda mfupi zinatosha? Laptopu zao RAM ni GB 4, makontena mengi (kila seva kwenye kiboksi chake ndani ya laptopu moja) haziwezi.