Ushauri: mkanda wa kupandia minara unafaa kwenye njia za waya milimani?

FundiMnara
Wakuu, heshima kwenu. Niko Munich mwaka wa tatu sasa. Bongo nilikuwa fundi wa minara ya simu, kwa hiyo kimo hakinitishi. Wenzangu kazini wamenialika mwisho wa mwezi twende Mittenwald, kwenye ile njia inayopita juu ya mgongo wa milima ya Karwendel. Wajerumani wanaita Klettersteig: waya wa chuma umefungwa kwenye mwamba kwa vigingi, unajipachika, unapita huku bonde liko chini ya soli zako.

Mkanda wangu wa kazini ninao, wa mwili mzima, pamoja na ile kamba ya mikono miwili yenye ndoano kubwa na shokapu yake. Kuna jamaa mtandaoni anauza seti ya Klettersteig (kamba ya mikono miwili ya kujipachika kwenye waya, na shokapu yake) kwa euro 25, anasema kaitumia mara mbili tu. Nichukue hiyo au niende na vyangu? Nina kilo 97. Binti yangu wa miaka 11, kilo 36, naye anang'ang'ania kwenda. Nawasilisha.

Kiberenge
Mkuu umekimbia minara Bongo ukaenda kupanda bure Ulaya? 😂 Na wala hamna hata antena huko juu.

DadaInnsbruck
Shikamoo kaka. Achana na Kiberenge, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Kamba ya mnarani usiitumie. Shokapu inayo kweli, lakini ilitengenezewa mwanguko mwingine. Kazini mnafundishwa kupachika juu ya kichwa, na ukianguka, mwanguko unaishia kwenye urefu wa kamba. Kwenye waya wa mlimani huanguki hivyo. Tuseme vigingi viwili vimeachana mita 4, kimoja juu kimoja chini, na wewe umebakiza kidogo kukifikia cha juu. Ukiteleza, karabina (ndoano zilizo mwisho wa kamba) zinashuka na wewe zikikwaruza waya mpaka kigingi cha chini, halafu ndipo kamba inakaza. Umeshuka mita 5 au zaidi, na kilichokudaka ni kamba isiyofika hata mita 1. Wapanda miamba wa kamba wana hesabu yao: urefu wa mwanguko gawanya kwa urefu wa kamba. Kwao haivuki 2. Huku inaweza kupita 5.

Ndiyo maana seti za huku zina kimfuko chenye utepe ulioshonwa ukikunjwa mara nyingi. Ukianguka, nyuzi zinachanika moja baada ya nyingine na kukupunguza mwendo. Tafuta lebo iliyoandikwa EN 958:2017, ndicho kiwango cha Ulaya cha seti hizi. Hiyo 2017 usiipuuze, ndiyo iliyopanga kwamba seti ifae kwa mtu wa kilo 40 hadi kilo 120, na hiyo 120 ni pamoja na nguo, viatu, maji na begi. Wewe wa 97 uko ndani, ila usibebe jiko.

FundiMnara
Marahaba dada. Hapo kwenye karabina kushuka na waya nimekuelewa vizuri, sikuwa nimefikiria hivyo. Sasa kuna mwingine hapa kazini yeye anatumia kipande cha utepe wa kushonwa na karabina mbili, basi. Anasema umeandikwa 22 kN, yaani uzito wa tani mbili na kidogo, unabeba gari.

DadaInnsbruck
Unabeba gari lililotulia. Utepe hauvutiki, kwa hiyo mshtuko wote unaishia kwenye utepe wenyewe, karabina na kiuno chake. Tepe za aina hiyo zimeshakatika kwenye majaribio kwa mianguko mifupi kuliko ya Klettersteig. Mwambie akodi seti.

Mpandaji_Nanyuki
Salamu kutoka chini ya Mlima Kenya, huku pia tuna waya karibu na kilele cha Point Lenana. Nimesaidia wageni kidogo na vifaa. Kuhusu hiyo seti ya euro 25: muulize muuzaji picha ya lebo na picha ya kimfuko kikiwa wazi. Agosti 2012 kule Tirol, Austria, mtu alianguka, mikono yote miwili ya seti yake ikakatika. Ilikuwa ile ya mpira wa kuvutika, imechoka kwa matumizi. Baada ya hapo seti nyingi ziliitwa zirudishwe, na 2013 zikafuata zile ambazo breki yake ni kamba inayopita kwenye kibati chenye matundu. Bado ziko kwenye masanduku ya watu, na ndizo zinazouzwa bei ya chai. Muuzaji anaweza hata asijue.

Na seti ikishadaka mtu mara moja, hiyo ni ya kutupwa, hata kama kwa macho ni mpya.

Bi Mwanaisha
Jamani mbona mtoto mmempita? Kilo 36!

DadaInnsbruck
Asante Bi Mwanaisha. Binti hafiki kilo 40, kwa hiyo shokapu kwake ni ngumu mno: haitachanika ipasavyo na mshtuko wote utamwishia yeye. Mtoto wa uzito huo anavaa seti, lakini juu yake anashikwa kwa kamba ya kupandia na mtu mzima anayejua kazi hiyo, kigingi kwa kigingi. Kujua mnara sio kujua hilo, samahani kaka. Tena Mittenwald ni ndefu, siku nzima uko juu. Mwanzishe kwenye njia fupi ya daraja A, yaani rahisi kabisa, na mwongozaji.

FundiMnara
Mama yake alishasema hivyo hivyo. Yameisha.

Je, kuna sehemu nitakazovuka mlalo, waya uko usawa wa kifua. Hapo napo ni hatari ileile?

Mpandaji_Nanyuki
Mlalo ni nafuu, ukiteleza unaning'inia karibu na ulipokuwa. Shida ni kurudi juu ukishaning'inia, mikono imeisha nguvu. Chukua seti yenye kitanzi kifupi cha tatu katikati, upachike hapo upumzike. Hicho ni cha kupumzikia tu, usitembee nacho, maana hakipitii shokapu. Kinachoua ni ngazi na kuta za wima.

Na hata ukidakwa salama, njiani kuna vyuma vya kukanyagia vimetokeza. Utavipiga kwa goti au mbavu. Seti nzuri sio ruhusa ya kuanguka.

DadaInnsbruck
Kaka, kitu kimoja ambacho wewe fundi utakielewa haraka kuliko wote hapa. Mkono wa kamba usiotumika mnarani unauweka wapi?

FundiMnara
Kwenye kile kitanzi cha plastiki kifuani, kinachokatika chenyewe. Ukiupachika kwenye chuma cha mkanda umeiruka shokapu.

DadaInnsbruck
Basi ndiyo hivyo hivyo. Huku mikono yote miwili ya seti inakaa kwenye waya muda wote, unahamisha mmoja mmoja kwenye kigingi. Usiurudishe wowote kwenye kitanzi imara cha mkanda. Karabina ziwe zenye herufi K ndani ya duara, zinazojifunga zenyewe. Mkanda wa kupandia wa kiuno na mapaja, seti unaifunga kama kijitabu chake kinavyoonyesha. Helmeti lazima, mawe mengi yanaangushwa na watu walio mbele yako. Na kati ya vigingi viwili awe mtu mmoja tu: wa juu akianguka anashuka mpaka kwako. Wingu jeusi likianza kujenga, ondoka, umeshika waya mrefu kuliko nguzo yoyote ya umeme.

FundiMnara (siku mbili baadaye)
Muuzaji katuma picha. Lebo: 2010. Kimfuko kimefungwa kwa utepe wa gundi, na ndani nyuzi za utepe zimeshachanika kama inchi tatu. Nikamuuliza, akasema "imetoka hivyo kiwandani".

Nimekodi dukani, seti, mkanda na helmeti. Lebo nimesoma mwenyewe, 2017. Swali la mwisho: glavu zangu za mnara zile za ngozi, zinafaa?

Mpandaji_Nanyuki
Hizo ndizo zenyewe. Kata ncha za vidole ushike karabina vizuri.

Kiberenge
Kumbe hata hivyo unaenda na kifaa cha Bongo.