Mrejesho: kile kidude cha kupima mapigo ya moyo kwa simu

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama kile kidude kinamfaa bi mkubwa, yupo Nyegezi, moyo unamwenda mbio halafu kabla hajafika hospitali unatulia, kwa hiyo kila akipimwa wanasema yuko fresh. Nikanunua. Unaweka vidole vya mikono yote miwili, unatulia sekunde 30, mchoro wa mapigo ya moyo unatokea kwenye simu.

Wiki ya kwanza vurugu tupu, kila akipima haisomeki, kumbe vidole vikavu na alikuwa anapima huku anabishana bei na muuza sato mlangoni 😂 tukalowesha vidole kidogo, mikono mezani, kimya, ikakubali.

Sasa juzi usiku moyo ukaanza, akapima, ikaandika huenda ni atrio fibrilesheni, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka hovyo. Nikamwonesha daktari ule mchoro, akausoma mwenyewe, akaagiza na ECG kubwa ya hospitali (kipimo cha umeme wa moyo), kaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande maana ile hali inaongeza hatari ya kiharusi kama mara 5.

Ila hakioneshi shambulio la moyo, kifua kikibana usitafute simu, kimbia hospitali. Shida iliyobaki bi mkubwa anapima mpaka majirani.