Virginia: ukipigwa tochi maili 86 hulipi faini, unashtakiwa kwa jinai

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaomba mnaoishi Virginia, Maryland na Washington, pamoja na nyinyi mnaokatiza jimbo hili mkienda Carolina ya Kaskazini au Florida, mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu jambo hili limewakuta wengi wetu na wengi wamelilipia kimyakimya kwa kuona aibu.

Malalamiko yangu ni haya. Katika jimbo la Virginia mwendo kasi peke yake, bila ajali, bila pombe na bila kumkatia mtu mbele, unatosha kukufikisha mahakamani kwa kosa la jinai la uendeshaji wa hatari, na katika mlolongo mzima, kuanzia askari aliyekusimamisha hadi karani wa mahakama, hakuna anayejishughulisha kukueleza hivyo mapema. Kifungu cha 46.2-862 cha sheria za jimbo kinasema kwamba mtu anayezidisha maili 20 au zaidi juu ya kiwango kilichowekwa, au anayevuka maili 85 kwa saa hata kama kiwango cha mahali hapo ni kikubwa namna gani, ametenda kosa hilo. Maili 85 ni kama kilomita 137. Sasa pigeni hesabu wenyewe: kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa katika barabara za Virginia ni maili 70, kwa hiyo dereva anayekwenda 85 ataandikiwa kosa la kawaida la barabarani, na yule anayemfuata kwa 86 ameshaingia katika daraja la kwanza la makosa madogo ya jinai, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 12 na faini ya dola 2,500, tena hakimu anaweza kuifungia leseni yako hadi miezi 6. Tofauti kati ya watu hawa wawili ni maili moja.

Na msidhani kwamba ni suala la barabara kuu tu. Zipo barabara za mashambani ambazo kiwango chake ni maili 55, halafu ghafla unaingia kamji kenye kituo cha mafuta na kanisa, kiwango kinashuka hadi 35, na kibao chenyewe kimesimama nyuma ya tawi la mti. Dereva asiyekiona kibao hicho akaendelea na mwendo uleule aliokuwa nao, ambao dakika moja iliyopita ulikuwa halali kabisa, tayari amezidisha maili 20 na anashtakiwa kwa kosa lilelile.

Wengi wetu tumetoka nchi ambako kupigwa tochi ni jambo linaloisha siku hiyohiyo. Tanzania trafiki anakuonyesha mwendo wako kwenye tochi, unaandikiwa shilingi 30,000, unanung'unika, unalipa, safari inaendelea. Tumekuja huku na mazoea hayo, tunaichukulia karatasi ya askari kama ankara ya maji, na hapo ndipo tunapoumia.

Mimi niliandikiwa maili 87 mahali penye kiwango cha 70, kwenye barabara kuu ya I-95, asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa nyeupe, katika kaunti ambayo sitaitaja kwa sababu nitaendelea kupita huko. Askari alikuwa na adabu kuliko nilivyotarajia. Alinieleza kwamba kuweka sahihi si kukiri kosa, ni kuahidi tu kwamba nitafika mahakamani, jambo ambalo ni kweli, kisha akanitakia safari njema. Hakusema kwamba nimeshtakiwa kwa jinai. Karatasi yenyewe ni ileile wanayoandikiwa watu wa makosa ya kawaida, umbo lilelile na rangi ileile, na tofauti yote imejificha katika namba ya kifungu na maneno machache yaliyoandikwa kwa kalamu ya haraka. Nilipoingia kwenye tovuti ya mahakama ili nilipe nimalizane nao, niliona kwamba shauri langu halina nafasi ya kulipia, ni lazima lisikilizwe, na bado nikadhani mfumo una hitilafu.

Mnajua ni nani aliyeniambia ukweli? Mawakili waliokuwa wakitafuta wateja. Siku chache baadaye kisanduku changu cha posta kilianza kujaa barua za ofisi za uwakili nisizozijua, zenye jina langu, namba ya shauri na tarehe ya kusikilizwa, kwa kuwa taarifa hizo ziko wazi kwa umma, na barua ya kwanza niliyoifungua ilianza kwa kunionya kwamba nakabiliwa na shtaka la jinai linaloweza kunipeleka jela. Jimbo lenye polisi, karani, tovuti na mhuri liliniacha nilijue shtaka langu kupitia tangazo la biashara! Kama sikuwa na mazoea ya kufungua barua za namna hiyo, na wengi wetu huzitupa, ningefika mbele ya hakimu mikono mitupu nikiwa nimeandaa pesa ya faini tu.

Watakuja watu hapa kuniambia kwamba dawa ni kupunguza mwendo. Sawa, jibu hilo ni jepesi, lakini halijibu nilichouliza. Sibishi kwamba mwendo kasi unaua, wala sidai kwamba aliyeandikiwa 87 asiadhibiwe. Ninachobisha ni jimbo kumpa jina la mhalifu mtu ambaye halihitaji kuthibitisha kwamba alimhatarisha yeyote. Sheria hizohizo zina kifungu kingine, cha 46.2-852, kinachomshughulikia anayeendesha kwa mwendo au kwa namna inayohatarisha maisha, viungo au mali ya mtu. Kifungu hicho kinamtosha yule anayepita katikati ya magari kwa fujo na yule anayekimbia kwenye mvua kubwa. Hiki cha 862 hakiulizi hali ya hewa wala wingi wa magari. Kinasoma namba kwenye tochi na kumaliza kazi.

Tena namba yenyewe si maandiko matakatifu. Hadi Juni 2020 mpaka ulikuwa maili 80, kisha kuanzia tarehe 1 Julai 2020 ukasogezwa hadi 85. Maana yake ni kwamba dereva aliyepigwa tochi kwa maili 82 penye kiwango cha 70 mwishoni mwa Juni mwaka ule alikuwa mtuhumiwa wa jinai, na mwenzake aliyekwenda mwendo huohuo, kwenye lami hiyohiyo, siku chache baadaye, alikuwa na kosa la kulipia. Hatia ya uendeshaji wa hatari hukaa katika rekodi ya udereva ya Virginia kwa miaka 11, kwa hiyo yule wa Juni anaibeba hadi 2031 kwa kitendo ambacho jimbo lenyewe liliona kisiwe jinai tena. Nani amemwomba radhi?

Miaka hiyo 11 huja pamoja na pointi 6 za adhabu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote wanazotoa, lakini pointi ndizo nafuu. Hatia inaingia katika rekodi ya jinai, ile ambayo mwajiri huiona anapokukagua. Vijana wetu wanaobeba abiria kwa programu za simu hukaguliwa rekodi zao za udereva. Madereva wa matrela, na humu ndani najua mko wengi, kanuni za shirikisho zinauhesabu uendeshaji wa hatari kuwa ni kosa zito, na ukipatikana na makosa mazito mawili ndani ya miaka 3 unafungiwa kuendesha magari ya biashara kwa siku 60. Nani atakulipia kodi ya nyumba siku hizo? Na anayengoja uraia akumbuke kwamba fomu yake inamuuliza kama amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kuandikiwa hati, na kwamba shtaka la namna hii atatakiwa alitaje na kulieleza, hata kama lilipunguzwa.

Siku ya kesi ndiyo iliyonitia hasira zaidi. Mahakama ya wilaya husikiliza mashauri haya mbele ya hakimu peke yake, na asubuhi ile ukumbi ulikuwa umejaa watu wa makosa ya barabarani, kila mmoja akisikilizwa kwa dakika chache. Wenye mawakili waliitwa kwanza. Mawakili walikuwa wameshazungumza na askari ukumbini kabla hakimu hajaingia, wakicheka nao kama watu wanaoonana kila wiki, na shauri moja baada ya jingine likapunguzwa. Wakafuata wasio na wakili. Kijana mmoja aliyeandikiwa mwendo usiozidi wangu alisema kwa unyenyekevu kwamba ni kweli, alikuwa anawahi kazini, akidhani ukweli wake utamsaidia, na akatiwa hatiani palepale. Mzee mmoja Mkongo, ambaye lugha zake ni Kiswahili na Kifaransa, alijibu «ndiyo» kwa kila alichoulizwa hadi hakimu alipogundua kwamba haelewi. Shauri likaahirishwa ili atafutiwe mkalimani, na mzee akarudi nyumbani akiwa amepoteza siku ya mshahara. Mkalimani ni haki ya mshtakiwa asiyejua Kiingereza na hamlipi yeye, lakini ni lazima aombwe mapema kwa karani, na mzee yule hakuambiwa na mtu.

Mimi nilikuwa na wakili. Aliniagiza nipeleke gari gereji lipimwe spidomita na nipewe cheti cha matokeo kilichoapiwa, kwa sababu sheria ya jimbo inamtaka hakimu akipokee cheti hicho kama ushahidi. Akaniagiza nimalize kozi ya saa 8 ya kuboresha udereva kabla ya siku ya kesi, nisisubiri kuamriwa. Yeye mwenyewe akadai kuona cheti cha tochi ya askari, ambacho hakitakiwi kuwa na umri wa zaidi ya miezi 6. Hakubishana sana. Aliomba tu shtaka lishushwe kuwa uendeshaji usiofaa, ambao ni kosa la barabarani lisilo la jinai, lenye pointi 3 na faini isiyozidi dola 500, na ambao hakimu anaruhusiwa kuutumia akiona kwamba ubaya wa kitendo ni mdogo. Hakimu akakubali bila hata kuinua macho.

Nimeshinda, mtasema. Nimeshinda kwa kumlipa wakili, gereji, kozi, faini na ada za mahakama, na bado bima yangu ilipanda ilipofika wakati wa kuihuisha. Yule kijana hakuwa na hatia kubwa kuliko yangu. Alikuwa na pesa kidogo kuliko zangu na hakuna aliyemwambia kwamba mlango huo upo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na wanaoitetea sheria hii kwa jina la usalama waniambie usalama wa barabara umeongezekaje kwa mimi kutoka na rekodi safi ya jinai na yeye kutoka nayo imechafuka. (Nisisahau kwamba jimbo hilihili ndilo pekee katika majimbo yote ya Marekani linalokataza hata kifaa cha kunusa tochi ndani ya gari dogo la kawaida. Wanataka usijue kabla, na wala hawakuelezi baada.)

Kwa yeyote ambaye karatasi iko mezani wakati huu: angalia namba ya kifungu, na ukiona 46.2-862 usiitafutie mahali pa kulipia wala usikose kufika, kwa sababu kutofika ni kosa jingine linalojitegemea na hakimu anaweza kukuhukumu ukiwa haupo. Kama huna uwezo wa wakili, mwambie hakimu mapema, kwani pale ambapo kifungo kinawezekana mshtakiwa fukara anaweza kupangiwa wakili wa mahakama, isipokuwa kifungo kimeondolewa mezani tangu mwanzo. Ukiwa umeandikiwa zaidi ya maili 100 usijaribu kwenda peke yako kabisa, maana mawakili wote niliozungumza nao wanasema hapo ndipo mahakimu wengi wanapoanza kufikiria jela kweli. Na kama umeshatiwa hatiani juzi, bado una siku 10 tangu hukumu za kukata rufaa katika mahakama ya juu yake, ambako kesi inaanza upya kana kwamba ile ya kwanza haikuwapo, na unaweza kuomba isikilizwe na jopo la wananchi saba.

Kuhusu rufaa hizo sina uzoefu nazo. Nimempata yule kijana kwa simu, siku zake 10 hazijaisha, na anaogopa kwamba mahakama ya juu inaweza kumwongezea adhabu. Aliyewahi kupita njia hiyo akiwa na shtaka hili la mwendo kasi aandike hapa chini leo, si kesho: je, shtaka lilipunguzwa, ada zilikuwa kiasi gani, na je, alikwenda na wakili au alisimama mwenyewe?